Chemchemi Imekauka, Miche Imekufa, Kamati Haikutani: Wapi pa Kuangalia

Maswali ninayoulizwa na wanakamati wa vyanzo vya maji hufanana. Tumepanda miti, mbona maji hayarudi? Tumeweka bikoni, yaani alama za mpaka wa hifadhi ya chanzo, mbona watu wamerudi kulima? Tumepanga mawe kwenye korongo, mbona mvua ya kwanza imeyabeba? Jibu langu la kwanza ni lile lile kila mara: tuanze kwa kutembea. Panapoonekana dalili mara nyingi sipo penye tatizo, na nguvu nyingi za wanakijiji zimeishia kukanda goti ilhali jipu liko kwenye nyonga.

Ninayoandika hapa nimeyaona Nyanda za Juu Kusini, zaidi upande wa Mufindi na Iringa, ambako vijito vinajikusanya kuwa Ruaha Ndogo na Ndembera, na mwisho Ruaha Mkuu. Ukiwa Lushoto au Kericho majina ya miti yatabadilika, lakini maji yanashuka mlima kwa namna ile ile.

Kabla ya yote: tembea, kisha pima

Tembea kijito chote kuanzia pale panapolalamikiwa kwenda juu, mpaka kichwani. Fanya hivyo mara mbili. Safari ya kwanza iwe Oktoba au Novemba, maji yakiwa machache kuliko wakati wowote wa mwaka, ili uone nani anachota nini na wapi. Ya pili iwe siku mvua inanyesha. Hii ya pili watu wengi huikwepa, nami naiona ndiyo yenye thamani kubwa: ukisimama pale vijito viwili vinapokutana mvua ikipiga, utaona kwa macho yako kimoja kinaleta maji meupe na kingine maji mekundu mazito kama uji wa ulezi. Huhitaji maabara kujua udongo unatoka wapi. Fuata wekundu.

Usitembee na viongozi peke yao. Chukua mzee anayekumbuka kijito kilivyokuwa, mama anayechota maji hapo kila siku, na mwenye shamba la bondeni. Huyo wa tatu ndiye anayesahaulika, na ndiye atakayeamua kama kazi yenu itadumu.

Kisha pimeni. Ndoo ya lita 20, kipande cha bomba au gome la mgomba la kukusanyia maji, na simu yenye saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku nzima: lita 43,200. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, kwa hiyo chemchemi hiyo inayoonekana kama uzi inaweza kutosha watu zaidi ya 1,700, kama maji ya usiku yanahifadhiwa kwenye tangi. Nimewahi kuona mkutano mzima ukinyamaza hesabu hii iliposomwa, kwa sababu watu walikuwa wameshaamua kwamba chemchemi yao imekufa.

Andikeni tarehe na sekunde kwenye daftari, kila mwezi, mahali pale pale. Bila daftari hilo hamtajua kama mnachofanya kinasaidia.

Dalili: chemchemi imepungua, na mvua hazijapungua kiasi hicho

Sababu ninazokutana nazo ni tatu, na kila moja ina alama yake.

Kama maji yalikatika ghafla, ndani ya wiki au miezi baada ya kujengewa, angalia ujenzi kwanza. Kosa la kawaida ni bomba la kutolea maji kuwekwa juu ya usawa wa jicho la chemchemi, pale maji yanapotokea ardhini. Maji yanajaa nyuma ya ukuta, yanasukuma kurudi, kisha yanatafuta njia nyingine chini ya ardhi. Zunguka hatua ishirini au thelathini pembeni na chini ya kisanduku kilichojengwa kukinga jicho. Ukikuta tope jipya au majani mabichi mahali palipokuwa pakavu, maji hayajakauka, yamehama. Bomba lishushwe chini ya usawa wa jicho la asili, na likae wazi bila koki. Chemchemi haifungwi, hukingwa.

Kama kijito hujaa kwa fujo mvua ikinyesha, kisha baada ya siku mbili kimeisha, tatizo liko kwenye mteremko wa juu. Mvua haizami, inapita juu juu. Angalia mashamba yanayolimwa kwa matuta yanayoshuka na mlima, njia za ng'ombe zilizogeuka mifereji, na malisho yaliyokanyagwa mpaka yakawa kama sakafu. Hapo kupanda miti kwenye jicho la chemchemi hakutasaidia. Panga matuta ya kontua, fanya juu (matuta ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu) mahali penye mteremko mkali, majani ya guatemala au mabingobingo kwenye kingo za matuta, na mashimo ya kukinga maji ya barabarani. Ukitaka maji ya Novemba, yanase Januari, tena mlimani.

Sababu ya tatu ni milingoti, ambayo wengine huiita mikaratusi. Alama yake ni kupungua taratibu, mwaka hadi mwaka, kadiri miti inavyorefuka. Mlingoti haulali kiangazi kama miti mingi ya asili inayopukutisha majani; unaendelea kunywa na kupumua maji hewani mwaka mzima, na mizizi yake inashuka kina kirefu. Mahali palipofaa majani na vichaka ukapanda milingoti, umeweka pampu elfu moja zisizozimwa.

Wapo watakaokuambia kwamba hayo ni maneno ya wazee tu. Kule Afrika Kusini walipima. Kwenye bonde dogo la Mokobulaan walipanda mikaratusi mwaka 1969. Mwaka wa 9 kijito kilikauka kabisa. Miti ikakatwa yote ikiwa na umri wa miaka 16, na bado kijito hakikurudi kutiririka mwaka mzima mpaka miaka 5 ilipopita. Hii miaka 5 naomba uisome mara mbili. Vijiji vingi hukata milingoti, husubiri kiangazi kimoja, huona jicho bado kavu, kisha hutangaza kwamba uhifadhi ni uongo. Udongo wa chini ulionyonywa kwa miaka lazima ushibe kwanza kabla haujakupa wewe.

Namna ya kuiondoa inahitaji akili na heshima. Kuna mzee mmoja ambaye safu yake ya kwanza ya milingoti ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwenye jicho. Nilizihesabu nikiwa naye. Nilipomaliza kueleza habari za mizizi, aliweka kiganja chake kwenye shina, akaniuliza, "Mwanangu, ukiikata hii, ada ya mjukuu wangu utalipa wewe?" Sikuwa na jibu siku ile. Mwafaka uliopatikana baadaye ulitoka kwa majirani zake: avune kwa ukubwa wa nguzo, auze mwenyewe, asiache machipukizi, na serikali ya kijiji impe kipande cha ardhi mlimani apande tena. Akakubali, kwa sababu hakunyang'anywa.

Na machipukizi ndiyo mtego. Kisiki cha mlingoti kilichoachwa kinatoa vijiti vinne vitano, na baada ya miaka michache unarudi kwenye msitu mzito kuliko wa kwanza. Bandua gome la kisiki pande zote mpaka chini ya usawa wa udongo, na pitia kila baada ya wiki tatu au nne kung'oa kinachochipua, mpaka kisiki kichoke. Nafasi iliyobaki jaza mivengi, mti wa asili wa mahali penye maji, na mikuyu, na kwa nje mianzi ya ulanzi, ile inayogemwa pombe. Ulanzi haugemwi kwenye mti uliokufa, kwa hiyo mwenye mianzi hailishi mifugo wala haichomi moto.

Dalili: bonde lililokuwa chepechepe sasa linapasuka nyufa

Wazee watakuambia hapa ng'ombe alizama. Leo unapita na pikipiki.

Usianze na miti. Miti mingi ikipandwa kwenye bonde linalokauka inamalizia maji yaliyobaki. Tafuta mfereji. Karibu kila bonde lililokauka nimelikuta na mtaro katikati, mara nyingi ulichimbwa kwa nia njema ili kupunguza maji kwenye vinyungu. Wasiovijua, vinyungu ni bustani za bondeni za kiangazi, matuta yaliyoinuliwa na mifereji katikati, wanakopata mahindi mabichi, maharage na mboga wakati mlimani pakavu. Mtaro wa mwanzo huwa kina cha goti. Mvua zinaukata, unafika kiunoni, kisha kichwani. Kila unaposhuka, maji ya ardhini ya bonde zima yanashuka nao, maana maji ya udongoni yanafuata sehemu ya chini kabisa yaliyopewa.

Pima kwa njia hii: chimba shimo la mita moja karibu na mtaro, na jingine hatua hamsini kutoka hapo. Ukikuta maji shimo la mbali yako karibu na uso wa ardhi na la karibu na mtaro liko tupu, umempata mwizi. Kipande cha bomba la plastiki kilichotobolewa matundu na kusimikwa shimoni kitawasaidia kupima kina hicho mwaka mzima kwa fimbo tu.

Pia tembea hadi mwisho wa mtaro uone kama una maporomoko madogo, ngazi ya udongo inayobomoka kurudi nyuma kila masika. Hiyo ngazi ndiyo inayokula bonde. Izuie hiyo kabla ya kitu kingine: ichongwe iwe mteremko wa polepole, itandikwe mawe yaliyobanana, ipandwe nyasi. Ukiiacha, kila kizuizi utakachojenga juu yake kitadondoka kimoja kimoja.

Kisha ziba mtaro, lakini usijenge ukuta mmoja mkubwa. Jenga vizuizi vingi vifupi, kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au viroba vya udongo, ukianzia juu kwenda chini. Nafasi kati yake ipimwe kwa ule mpira wa maji wanaotumia mafundi ujenzi kutafuta usawa: maji yaliyokingwa na kizuizi cha chini yafike kwenye miguu ya kizuizi cha juu. Maji yakitulia yataenea pembeni, na mafunjo na matete yatarudi yenyewe. Mbegu na mizizi yake husubiri kwenye ule udongo mweusi kwa muda mrefu. Furaha ya kuona tete la kwanza likichomoza mahali ulipozoea kuona vumbi siwezi kuieleza vizuri.

Kizuizi kikivunjika, angalia kimevunjika wapi, kwa kuwa kila mahali kuna maana yake. Maji yamepita pembeni: hukukiingiza ndani ya kingo, kichimbie angalau nusu mita kila upande. Kimechimbika miguuni: hapakuwa na mawe ya kupokea maji yanapodondoka. Kimefurika juu kote: katikati hapakuwa chini kuliko pembeni. Katikati ya kizuizi lazima pawe na mbonyeo, maji yapite hapo na si kwingine.

Dalili: mto umepanuka, kingo zinadondoka, maji mekundu

Kingo hukatika kwa sababu ng'ombe wanashukia popote, mchanga unachimbwa, au kalavati la barabara linamwaga maji yote mahali pamoja. Kwa mifugo, kumfukuza mfugaji hakutakupa mto mzima. Mpe njia moja iliyotandikwa mawe, au bora zaidi vuta maji kwa bomba hadi kwenye mbauti, birika la kunyweshea mifugo, mbali na mto. Ng'ombe akipata maji masafi bila kushuka tope, naye hukubali kwa haraka kuliko mwenye ng'ombe. Kwa kalavati, zungumzeni na wakala wa barabara wakati barabara inapangwa, si baada ya korongo kufunguka. Kingo zenyewe zichongwe mteremko, zipandwe nyasi za vetiva na matete, na vijiti vibichi vya mkuyu vichomekwe mwanzo wa mvua.

Magugumaji ni dalili ya jirani na hii. Yanaponenepa kwenye bwawa lenu, kuna mbolea au kinyesi kinaingia. Yaopoeni, ndiyo, lakini kama hamjaziba kinachoyalisha mtayaopoa kila mwaka.

Dalili: miche imekufa

Ng'oa mmoja uutazame kabla ya kulaumu jua.

Nilifanya hivyo kwenye chanzo kimoja kilichopandwa kwa shamrashamra, kukiwa na maturubai na spika. Mche niliouvuta ulitoka mzima mkononi bila kushika udongo wowote. Kiriba cheusi cha nailoni kilikuwa bado kimeuvaa, na ndani yake mizizi ilikuwa imejizungusha kama uzi kwenye kibiringo, ikitafuta pa kutokea. Nikavuta wa pili, wa tatu. Ile ile. Watu walikuwa wameambiwa idadi, nao walitimiza idadi. Nilikaa chini pale nikasikia uchungu, kwa sababu mtu fulani alikuwa ameimwagilia kitaluni kwa miezi.

Kama mizizi iko sawa, angalia tarehe. Huku kwetu mche ukipandwa Machi unapata mvua ya wiki chache kisha miezi mingi ya ukavu na baridi. Panda Desemba au mapema Januari. Angalia mahali: mche wa mlimani ukisimama majini unaoza shingo, na mvengi ukipandwa mlimani pakavu unanyauka. Angalia meno: shina lililoraruliwa juu ni mbuzi, lililobanduliwa gome chini ni panya.

Na kama miche ilikufa ya upande mmoja tu, uliza upande ule ni wa nani. Mara nyingi mwenye shamba aliona miti inapandwa kwenye ardhi yake bila yeye kuulizwa, akajua kitakachofuata ni kuambiwa aondoke. Huyo hahitaji panga. Anaacha tu ng'ombe wapite.

Dalili: bikoni zimeng'olewa, watu wamerudi kulima

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 za kingo za mto shughuli za kudumu za binadamu na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru uhifadhi wa eneo hilo. Naiunga mkono sheria hii. Lakini simama kwenye kijito cha upana wa mita moja, kwenye bonde jembamba la Mufindi, upime mita 60 huku na 60 kule. Kwa kaya nyingi umepima vinyungu vyao vyote. Ukisimika bikoni hapo bila mazungumzo, umesimika jiwe kwenye sahani ya mtu.

Kwa hiyo bikoni ikiwa imelala, maswali ni haya. Je, waliopoteza ardhi walijua kabla ya siku ya kusimika? Je, walipewa muda wa kuvuna? Je, kuna chochote ndani ya zile mita 60 kinachowafaa bado? Sheria haikatazi kila kitu. Majani ya kukata na kubeba kwa ng'ombe wa ndani, mizinga ya nyuki, dawa za asili, matete ya mikeka: haya yanaweza kuwekewa utaratibu, na wa kwanza kupewa wawe wale walioachia vinyungu, si wanakamati. Mahali nilipoona wamekosea ni pale mizinga ilipogawiwa kwa watu wa barabarani waliokuwa karibu na ofisi, na aliyepoteza bustani akabaki anapita akisikia nyuki wa wenzake.

Anzeni na jicho la chemchemi na bonde chepechepe lenyewe, pafungwe kwanza. Kingo zifuate msimu kwa msimu, mkiandika kwenye muhtasari wa kijiji nani anaondoka lini na anapata nini. Msipunguze sheria, pangeni mwendo wa kuifikia.

Kisha tazameni sheria ndogo yenyewe. Nimekuta vijiji vinavyotoza faini kwa karatasi iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji lakini haikuwahi kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mtozwa faini wa kwanza aliyekwenda kulalamika alishinda, na tangu hapo hakuna aliyeogopa.

Nguvu peke yake haina jibu, na somo letu kubwa liko bondeni kwetu. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2006 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa kwenye bonde la Usangu, juu ya hifadhi, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi hiyo. Miaka iliyofuata mto uliendelea kukauka. Sababu inaeleweka ukijua Ihefu, bwawa la asili la Usangu, inavyofanya kazi: inatoa maji pale Ng'iriama, kwenye kizingiti cha mwamba. Usawa wa maji ukishuka chini ya mwamba ule, tone halivuki, hata kama bwawa bado lina maji. Kinachoamua ni kiasi kinachoingia kutoka juu kiangazi, na huko juu yako mabanio, vizuizi vya kuchepushia maji ya mto, ya mashamba ya mpunga, mengine yakiachwa wazi hata baada ya mavuno, maji yakimwagika kwenye majaruba matupu. Aliyekuwa akionekana ni ng'ombe. Banio halionekani kutoka barabarani.

Dalili: wa juu na wa chini hawaelewani

Kwanza angalia vibali. Kuchepusha maji ya mto kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na jumuiya ya watumia maji iliyosajiliwa inaweza kusimamia zamu. Kibali bila kipimo kwenye banio ni karatasi tu: wekeni ubao wenye namba, pande zote mbili wausome.

Lakini kabla ya karatasi, watu waone mto mzima. Usangu, miaka ya 2000 ilipoanza, watafiti walitumia ubao mkubwa uliolazwa mteremko, uliochongwa mto na matawi yake. Golori ndiyo maji. Vijiti vidogo ndivyo mabanio, na vishimo pembeni ndiyo mashamba. Mkulima wa juu anaweka vijiti vyake anavyopenda, golori zinamiminwa, zinajaa kwake, na wa chini wanabaki wanatazama vishimo vitupu. Kisha wanabadilishana nafasi. Ubao wa namna hiyo fundi seremala wa kijiji anaweza kuuchonga. Ufanyieni mazoezi kabla ya mkutano wa zamu, na mkulima wa juu akae nafasi ya wa chini angalau raundi moja.

Dalili: kamati haikutani

Tazama muhtasari wa mwisho. Kama ni wa siku mradi ulipofungwa, kamati ile ilikuwa ya posho, na posho imeisha. Msiilazimishe kufufuka. Itisheni upya, mkichagua watu ambao maji yakikatika kesho wao ndio watakaotembea mbali: akina mama wanaochota, wenye bustani, wafugaji wanaonywesha. Mikutano iwe kisimani asubuhi, siyo ofisini saa nane mchana wakati watu wako mashambani. Mapato yasomwe hadharani kila robo mwaka, hata kama ni shilingi elfu tano ya faini. Nimeona kamati nzuri ikifa kwa sababu ya debe moja la asali ambalo halikutajwa.

Na sikilizeni ya wazee. Vyanzo vingi vilivyosalia ni vile vyenye kichaka cha matambiko, au vinavyosemwa vina joka ambalo likihama maji yanahama nalo. Ile hofu ilitunza kivuli, na kivuli kilitunza maji. Mzee wa mila akiwa ndani ya kamati, nusu ya ulinzi mnao.

Dalili: maji yamerudi, na ugomvi umerudi nayo

Hii huja baada ya mafanikio, na karibu hakuna anayejiandaa. Mwaka wa nne au wa tano jicho linatiririka, na asubuhi moja mnasikia pampu ya petroli. Mtu amelaza mpira wa inchi mbili bondeni, anamwagilia nyanya. Anaona ni haki yake, maana naye alibeba mawe ya vizuizi.

Kama hamkuandika kabla, mmechelewa, lakini bado inawezekana. Chukueni daftari la ndoo. Tafuteni kiasi kidogo kuliko vyote kilichowahi kupimwa Novemba, toeni kwanza maji ya kunywa ya watu na mifugo, toeni yale yanayopaswa kuendelea kushuka kwa wa chini, na kilichobaki ndicho cha kugawana kwa zamu. Kikiwa hakipo, pampu inazimwa mpaka mvua. Mwenye pampu awepo mnapopiga hesabu hiyo, tena yeye ndiye ashike simu na kuhesabu sekunde ndoo ikijaa.